Wiki Aliyofundishwa Kusema Kuku

Jumamosi ya pili ya Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, mlima hauonekani kabisa, na migomba inadondosha maji hata mvua ikipumzika.

Leo binti yetu wa mwisho alikuja kumpima mjukuu matamshi. Binti anasoma chuo Moshi mjini, kazi ya kuwasaidia watu wenye shida ya kusema. Mjukuu ana miaka mitano na nusu na anaishi na sisi hapa Machame, kwa sababu wazazi wake wamepata kazi mbali. Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza, na mwalimu wake wa awali ametuambia, kwa upole lakini ametuambia, kwamba nusu ya maneno yake hayaelewi. Binti akatuahidi kwamba kipimo kikionyesha shida, msimamizi wake atamtafutia mtoto nafasi kliniki kabla shule hazijafunguliwa. Nafasi ni chache. Kipimo kisipoonyesha shida, nafasi anapewa mwingine.

Sisi wa nyumbani tunamwelewa. Panapotakiwa k yeye anaweka t, na panapotakiwa g anaweka d, kwa hiyo kuku ni tutu. Akiwaamkia wakubwa njiani, "Shitamoo!" wanaitikia marahaba huku wanacheka. Na mimi nimecheka, siwezi kujitoa.

Sasa, Jumapili iliyopita binti alituachia kadi za picha za kumpimia, zisije zikalowa njiani. Alimkabidhi mama yake. Hakusema zifichwe, hilo niliandike. Hakusema pia zitumiwe.

Mke wangu ametayarisha watoto wetu wote kwa kipaimara. Kwetu mtoto anasimama mbele ya usharika mzima anaulizwa maswali, na akikwama, aibu inampata mama kwanza. Njia ya mke wangu ni moja tu: unarudia ukikata majani ya ng'ombe, unarudia ukiosha vyombo, ukikosea unaanza upya. Wiki nzima nikawa nasikia huko jikoni, "Kkkuku! Sema tena." Na mtoto, "Kkkuku," anapewa kipande cha ndizi mbivu. Nilidhani wanacheza. Au labda sikudhani hivyo, nilifurahi tu kuisikia hiyo k, nikanyamaza.

Basi leo binti akakaa sebuleni, akaweka simu ya kurekodi mezani, akachanganya kadi, akamwambia mtoto: "Shangazi atakuonyesha picha, wewe uniambie ni nini. Sawa, mama?"

Mtoto akasimama. Akaweka mikono nyuma. "Kuku! Kikombe! Mkate! Mkeka! Gari! Goti!"

Binti alikuwa bado ameshika kadi ya kwanza, hajaigeuza. Mtoto akaenda hivyo mpaka ya mwisho, akainamisha kichwa kama wanavyofanya kanisani. Mke wangu akapiga makofi.

"Mama," binti akasema, "umemfundisha?"

"Mwalimu akikuachia kitabu, unakifungia kabatini?"

"Huu si mtihani wa kanisani! Nilitaka akosee!"

"Sikieni wasomi wa siku hizi. Mtoto anapimwa ili afeli."

"Ndiyo, Mama! Nikipeleka hii, msimamizi atasema huyu ni mzima, aletwe mwingine."

Mke wangu akakaa. "Kwa hiyo nimemfungia mlango," alisema, na hakumuuliza mtu. Lakini yeye si mtu wa kukaa chini muda mrefu. "Haya, mpime na babu yake. Tuone kama humu ndani kuna mzima."

Binti akanionyesha picha ya nyumba ndefu. "Gorofa," nikasema. Akaniandikia namba thelathini. "Selasini." Akamgeukia mama yake, naye akasema selasini, tena kwa sauti kubwa kuliko mimi.

"Unaona? Sote tupelekwe kliniki."

Binti akacheka. "Hayo siyahesabu, Mama. Huku mlimani wengi wetu ndivyo tunavyosema, hata mimi nikishafika nyumbani. Lafudhi si ugonjwa. Ninachotafuta ni kile ambacho mtoto anasema tofauti na watu waliomlea. Kuna mtu mwingine humu anayesema tutu?"

Mke wangu akatazama dari. "Hakuna," alisema.

Binti akaziweka kadi kwenye mkoba. Alisema zimeshaharibika, maana mtoto akiziona anajiandaa, na yeye anamtaka asiyejiandaa. Akachukua simu, akamwambia mtoto, "Nipeleke nikamwone ndama wenu."

Tukaenda bandani sote. Ndama ana siku chache tu, na mjukuu ndiye anayejiona mwenye mali. Hakuulizwa hata swali.

"Shandazi, huyu bado hali majani. Ananyonya tu. Jana alinitanyada mduu!"

"Alikukanyaga mguu? Pole! Ukafanya nini?"

"Nitalia. Halafu nitamtaripia!"

Sijui kama alilia kweli na kumkaripia ndama, au alitaka kusema atalia, nimeandika kama nilivyosikia. Binti aliandika haraka haraka, na kila alipokosea mtoto, yeye alizidi kufurahi. Mke wangu alisimama nyuma yao amejiziba mdomo kwa pindo la kanga, maana kila t ilikuwa inamchoma.

Baadaye binti alimtumia msimamizi ile sauti, na hakumficha habari za kadi. Jibu likaja mchana: mtoto aletwe Alhamisi. Binti akatueleza kwamba hata zile k za kukariri zina maana. Zinaonyesha ulimi wake unaweza kuinuka kule nyuma panapotengenezwa k, ila akisahau unakimbilia mbele kwenye meno. Kazi ya kliniki ni kumzoesha mpaka aifanye bila kufikiri. Kwa hiyo ndizi za mke wangu hazikupotea bure. Namwandikia hilo kwa sababu asubuhi nilimlaumu moyoni.

"Mpaka Alhamisi nimfundishe nini?" aliuliza, akimsindikiza binti getini.

"Usimfundishe kitu, Mama. Ongea naye tu."

"Hiyo ndiyo ngumu."

Jioni tulikula machalari, ndizi na nyama, na parachichi lililoiva vizuri. Mtoto akasema, "Bibi, naomba tijito." Mke wangu akafungua mdomo, akaufunga, akampa kijiko.