Mkono Uliochonga Manowari

Wanaosema nilipigwa kiharusi waje waushike mkono wangu wa kulia. Una baridi kama maji ya mfereji asubuhi, hata jua la huku mtaani Pasua likiwaka. Mimi darasa la saba sikumaliza, lakini nilichokiona nimekiona.

Kaka yangu Aloyce ndiye aliyeniletea kazi ya kuchonga: manowari ya zamani ya matanga, milingoti mitatu, matundu ya mizinga ubavuni, ya kupamba hoteli ya watalii. Bahari sijawahi kuiona. Nilichonga kwa kuangalia picha ya kalenda. Gogo la mringaringa alileta yeye mwenyewe. Nikamuuliza limetoka wapi.

"Wewe ni fundi wa mbao au wa maswali?" akanicheka. "Mtu wa misitu akija, sema umekata mwenyewe, shambani kwako."

Siku hiyo umeme ulikuwa wa mgao, natoboa matundu ya mizinga kwa patasi, saa nane mchana. Akaingia mzee mmoja, koti refu la zamani, limelowa chapachapa. Kiangazi kile, mvua aliitoa wapi? Nikamwamkia shikamoo. Akapapasa ubavu wa manowari polepole, kama mtu aliyempata ng'ombe wake aliyeibiwa.

"Mti huu ulikuwa unanifunika mvua," akasema. "Nani kaukata?"

Niamini, nilimdhania wa misitu, maana wale nao wana maneno ya kuzunguka. Nikajibu nilivyofundishwa.

"Nimekata mimi mwenyewe, mzee."

"Kwa mkono huu?"

"Ndiyo."

Akaushika. Patasi ikaanguka. Nikainama kuiokota, vidole vikakataa kufunga. Nilipoinuka hakuna mtu, sakafu tu imelowa.

Kesho yake nikapanda kijijini Kibosho. Kihambani kwetu, shamba la ukoo, kwenye kaburi la babu, mringaringa umebaki kisiki. Mama akasema Aloyce alikuja na msumeno. Nikamweleza lile koti. Akakaa chini. Babu alizikwa nalo, mimi sijazaliwa.

Nimepeleka jani la sale pale kaburini kuomba msamaha, mara tatu. Wazee wanasema lazima aje aliyekata. Aloyce hataki. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, anasema hayo ni ya wapagani. Jumapili anapiga makofi kwa mikono yote miwili.

Wewe unayesoma, ukiulizwa nani kafanya, na siyo wewe, taja jina palepale. Mimi sasa nalitaja kila siku: Aloyce. Mkono bado wa baridi.