Samaki ya Mama Mudogo

Ile mwaka tulikula mihogo na sombe, majani yake, asubui na mangaribi, maharagi ilipotea mu soko, na mwenye kupata samaki ya Kasenyi, kule ku ziwa, alifunga mulango kwanza njo afunue sufuria. Usiniulize namba ya mwaka. Mi nilisoma miaka tatu tu. Miaka yangu naihesabu na tumbo.

Naikumbuka juu Jumapili iliyopita, hapa kwetu Rwambuzi, mwalimu wa watoto wa kanisa aliambia wajukuu wangu: mutoto mwema anatii mukubwa mu kila kitu, haulizi. Mate ikanijaa mu kinywa. Nilitoka inje kutema.

Mama yangu alibakia ku kijiji kulima. Alinituma Bunia ku mama mudogo juu nisome, nibatizwe. Mama mudogo alikuwa mwimbaji wa kanisa, kitambaa nyeupe ku kichwa, na sauti, rafiki yangu, hata kuku walinyamaza. Alinifundisha kutwanga sombe mpaka ilainike, kufagia kiwanja mbele jua itoke, kupokea kitu na mikono mbili. Nilimutii na furaha.

Siku moja samaki yake ya chumvi, ya kuuza, ilinyeshewa njiani. Alipofungua kifurushi, funza walikuwa wanatembea mu macho ya samaki sawa muchele wenye miguu. Akanipatia kijiti: toa funza, sugua na majivu, paka mafuta ya mawese ikuwe nyekundu, jirani anakuja kununua. Ule jirani, mama wa mapacha, njo alikuwa ananipa kikombe cha uji nikitoka masomo.

Nikasema: "Mama mudogo, kazi yako yote nitafanya, lakini samaki ya kuoza sitapaka mafuta."

"Ati nini? Pua yako iko ya muzungu?" akacheka. "Bibilia inasema mutoto atii. Haisemi mutoto anuse kwanza."

Alipaka yeye mwenyewe. Aliniambia ninyamaze jirani akifika, na hiyo nilitii. Hiyo njo inaniuma. Mapacha walitapika siku mbili, macho ikaingia ndani. Walipona, Mungu iko. Lakini nilimuona mama mudogo akiwawekea mikono na kuwaombea, mikono ile ile, kucha zingali nyekundu na mawese.

Kile kiwanja sasa kiko boutique. Mama mudogo alikufa zamani, kinu chake sijui kilienda wapi, na watoto wa leo wanapokea kitu na mukono moja, wanaangalia pembeni. Mazuri yake yote ilipotea. Fundisho lake la kuoza njo lilibakia, na kila Jumapili wanalipaka mafuta.

Kwetu, mbele ya kubatizwa, mutoto anapiga magoti kanisani, anaomba mukubwa wake musamaha, na mukubwa anasema: nimemusamehe. Bila ile neno, hakuna maji. Siku yangu kanisa lilijaa. Nilivaa nguo nyeupe mama yangu aliyoituma kutoka kijijini. Mama mudogo alisimama mbele yangu, anangoja. Jirani alikaa ku benchi ya kwanza, pacha moja mugongoni, moja ku magoti.

"Omba musamaha, binti yangu," muzee wa kanisa alinong'ona. "Ukikataa, hii nguo itarudia mu sanduku."

Nilipiga magoti. Nikasema na sauti, jirani asikie:

"Mama mudogo, kazi yako yote nitafanya, lakini samaki ya kuoza sitapaka mafuta."