Breki ya Panga la Ndege

Nasikia aibu hata kuandika haya, na pengine sikumbuki yote sawasawa, lakini nisipoyaandika mimi watayasimulia wengine na kuyatia chumvi.

Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege Kibondo (kufukuza ng'ombe, basi), na kila mkutano tuliambiwa tuwe macho na wageni. Siku hiyo ndege ilikuja kumchukua shemeji yangu Leokadia, mke wa kaka, aliyekuwa na uchungu siku ya pili kule Murungu bila kujifungua, impeleke hospitali Kigoma. Rubani akakataa kumpakia, kwa kuwa injini imezimwa lakini upepo unalizungusha panga la injini ya kushoto, upande wa mlango, na machela lazima ipite hapo hapo. Fundi wake, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha Kongo, akafungua sanduku la gia nyuma ya panga, akatandika kitambaa, akaweka juu yake kisahani kipya cha chuma kilichopakwa mafuta.

"Hicho nini, ndugu?"

"Breki ya panga."

Nikanyamaza, lakini moyoni nikawaza, breki ya matairi naijua, sasa panga lina breki ya nini, likisimama angani si watu wataanguka, na kwa nini huyu anaifunga leo, siku ya shemeji yangu, tena huku anapiga mluzi? (Kusema haki, mluzi si kosa.) Basi alipokwenda kunawa nikakichukua kile kisahani, nikakificha chini ya kofia, nimpelekee katibu wa tawi la chama akirudi kutoka Kasulu.

Fundi aliporudi ukaanza msako, nami nimo, nainama kwenye majani kuliko wote, na jua linashuka na kiwanja hakina taa. Shemeji alikuwa akiguna ndani ya Landrova iliyomleta pamoja na kaka. Saa nzima ikapita, ya pili ikawa inaisha, nami najiambia nimemwokoa.

Ndipo fundi akanikazia macho, akaniita kama Wakongo wanavyomwita mzee. "Papa, kichwa chako kinavuja oili."

Kweli, ilikuwa imeshafika puani. Kaka akanivua kofia mwenyewe, kisahani kikaanguka mbele ya watu wote.

"Wewe," kaka akasema taratibu, "mke wangu amekukosea nini?"

Nikaeleza. Akina mama waliomsindikiza mgonjwa wakacheka, fundi hakucheka. Akakisafisha kwa petroli, akakifunga, akaniita.

"Sukuma panga."

Nikasukuma mpaka jasho likanitoka, halikutikisika.

"Breki hii ni ya ndege ikiwa chini tu, papa. Rubani anaiachia kabla ya kuruka. Ungeuliza neno moja zaidi."

Ndege iliruka jua likigusa milima. Mtoto alizaliwa hai, na shemeji alirudi akitembea kwa miguu yake. Kaka alikaa msimu mzima wa maharage bila kunisalimu, na simlaumu.

Kushuku watu sijaacha, nikisema nimeacha nitakuwa mwongo. Ila nimeapa kwamba nikimshuku mtu nitamuuliza mpaka mwisho, hapo hapo, maana zile saa mbili nilizokaa kimya sikuzilipa mimi, alizilipa shemeji.