Kiti cha Mshtakiwa

Siku yangu ya kwanza katika shule ya sheria nilikuja kufagia. Kabla ya chai ya saa nne, mkuu wa kliniki, yaani chumba ambamo wanafunzi walijifunza kusaidia watu wasio na wakili, aliniambia niweke ufagio chini nikalie kiti cha mshtakiwa.

“Mama Syombua, wewe ni mshtakiwa wa mazoezi. Usipoelewa, usimhurumie mtu.”

Mwanafunzi mmoja, Otieno, akanisomea shtaka kwa maneno marefu, akauliza kama nakiri. Nikaitikia kwa adabu tu, “Ndiyo, mwanangu.”

Mkuu akamtazama. “Umemfunga huyo mama.”

Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Mwanafunzi akimaliza kueleza, nasema nilichosikia kwa maneno yangu. Zoezi hilo tuliliita kurudisha. Nikishindwa kurudisha, anaanza upya. Mkuu aliwanyang'anya wanafunzi Kiingereza kwanza, halafu karatasi. Jumamosi tulihamia ukumbi wa mtaa hapa Makadara, majirani wakawa mashahidi, leso yangu nyeusi ikawa joho la hakimu. Siku zile zilikuwa tamu, sitadanganya. Otieno nilimwangusha mara tatu.

“Shosho ana kisirani na mimi,” akalalamika. Shosho, yaani bibi, ndivyo walivyoniita.

“Sina. Maneno yako ndiyo hayaingii.”

Jumamosi moja akaja Ndinda, jirani yangu wa zamani kule Mukuru kwa Reuben. Huyu hakuwa wa mazoezi. Kiwandani alikofanya kibarua vitambaa vilipotea, akashtakiwa, na Jumatatu angesimama kujibu.

“Nitasema ni kweli,” akatuambia. “Zamu hiyo nilikuwepo. Siwezi kumdanganya hakimu.”

Kosa hilo nilikuwa nalijua. Watu wetu husikia kipande kimoja cha kweli, wakakubali shtaka zima. Mkuu akamsukuma Otieno mbele.

“Dada, uliiba?”

“Hata kidogo.”

“Basi swali ni hilo tu. Jibu ni si kweli. Habari za zamu utazieleza siku ya kusikilizwa.”

“Rudisha,” nikamwambia Ndinda.

“Nilikuwepo, sikuiba. Wakiuliza, si kweli.”

Jumatatu nilikaa benchi la nyuma. Karani aliposoma shtaka, Ndinda akamtazama hakimu. Kisha akasema, “Si kweli.” Baadaye kesi ikasikilizwa, ushahidi ukakosekana, akarudi kwa watoto wake.

Nilipostaafu, nikiwa nimekalia kiti kile cha mshtakiwa, mkuu mpya alinisomea barua ya kuniaga, Kiingereza kitupu, akauliza kama nimeelewa.

“Sijaelewa.”

Wanafunzi wakacheka. Otieno, siku hizo wakili mwenye mvi za kwanza, akaichukua barua, akaikunja, akaketi mbele yangu.

“Shosho, kazi imeisha. Ulitufundisha. Asante.”

Akangoja. Nikajua anangoja nini.

“Kazi imeisha,” nikarudisha. “Niliwafundisha.”

Hapo ndipo nilipoondoka kwenye kile kiti.