Marahaba Isiyokuwa Yangu

Baba alifundisha shule ya msingi Matombo miaka mingi, akastaafu, akahamia Kilakala. Kiharusi kilipompata, mguu ulipata nguvu baada ya wiki chache. Maneno hayakurudi. Alituelewa vizuri, kutamka ndiko kulikomshinda.

Dada mmoja, mtaalamu wa tiba ya usemi, akawa anakuja kila Jumatano. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nina hoja kwa kila kitu. Siku ya kwanza nilimuuliza ushahidi uko wapi kwamba kumrudisha mzee kwenye salamu ni tiba, si mchezo wa chekechea.

"Marahaba ameitikia maisha yake yote," alisema. "Neno hilo liko karibu kuliko mengine, tunaanzia hapo. Kazi yako ni moja tu. Akiamkiwa, nyamaza. Hesabu ishirini kimoyomoyo. Usimsaidie."

"Na asiposema?"

"Unaanza tena moja."

Nilicheka. Baba hakucheka.

Jumapili moja baada ya misa akaja mama mmoja kutoka Matombo na mkungu wa ndizi. Baba ndiye aliyemfundisha kusoma, na umri wake ni sawa na wa mama yangu. Akapiga goti kidogo mbele ya kiti.

"Shikamoo mwalimu."

Baba akainua kichwa. "Mmm..." Mshipa wa shingo ukasimama, mate yakaanza kumchuruzika. Nilikuwa nahesabu, lakini sikumtazama baba. Nilimtazama mgeni akimtazama baba, nikaona aibu. Nilipofika saba nikasema mimi: "Marahaba."

Kijana hapokei shikamoo ya mtu wa rika la mama yake. Yule mama akabaki ameinama, hajui ainuke au la.

"Makubwa," akasema, akijitahidi kucheka. "Kumbe mwalimu siku hizi ni wewe? Basi nisahihishie na daftari."

Nikamwomba radhi, nikamwamkia, akaitikia upesi. Baba alishafunga mdomo. Akageukia ukutani, na hakujaribu neno lolote siku hiyo, wala Jumatatu, wala Jumanne.

Jumatano dada alimwamkia mara tatu, hakupata hata mguno. Akaniuliza kumetokea nini. Ningeweza kumwambia kwamba tiba yake haifanyi kazi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Nikamweleza ukweli huku nikitazama vidole vyangu.

Hakunigombeza. Alimwinamia baba. "Mwalimu, huyu abaki au atoke?"

Baba akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, kuelekea mlangoni.

Nikakaa barazani, chini ya dirisha. Nikamsikia dada akiamkia tena. Nikahesabu, nikapita saba. Kisha "Mmma...", ikakatika, ikaanza upya kwa nguvu zaidi. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi, lakini sikuthubutu kuusogeza, baba asije akajua kwamba nipo karibu.