Bangili ya Mji wa Maturubai

Wiki iliyopita niliacha mstari mmoja wazi kwenye fomu ya kitambulisho. Karani, binti mdogo tu mwenye kucha zilizopakwa rangi, aliona nimesita pale palipoandikwa mahali alipozaliwa bibi mzaa mama. Akainama akaninong'oneza, "Mama, weka Keza, yaishe. Wengi wanaweka hivyo hivyo." Hakuwa na nia mbaya. Lakini damu ilinichemka, rafiki yangu. Nikaikunja fomu, nikamwambia nitarudi kesho, nikapanda bodaboda mpaka Keza, kwenye kilima kile ambako zamani kulikuwa na mji.

Sasa pana mikaratusi na mashamba ya maharage. Dereva wa bodaboda, kijana aliyezaliwa baada ya yote, aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mji. Akacheka, akasema hapa hapajawahi kuwa na mji, mama, ilikuwa kambi ya wakimbizi tu. Hiyo "tu" ndiyo inayoniudhi. Na wewe, kama umeshaanza kunivalia sura ya msibani, ivue. Najua watu walikufa pale. Vilio vyao tulivisikia kutoka uani kwetu, na sividharau hata kidogo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hapakuwa na kingine.

Nilikuwa darasa la nne, na ule ndio mji wa kwanza niliouona kwa macho yangu. Ngara mjini nilikuwa nakusikia tu. Mji wenyewe uliota ndani ya majuma machache, maturubai ya buluu na meupe kilima hadi kilima, na mitaa iliyonyooka kuliko njia yoyote ya kijijini kwetu. Palikuwa na kinyozi aliyenyoa kwa mashine ya betri ya gari. Palikuwa na kibanda cha video, fundi saa, mshona viatu, na akina mama waliokaanga maandazi kwa mafuta ya msaada, yakanukia mpaka shuleni tukashindwa kusikiliza hesabu. Kihangaza chetu na lugha ya hao wakimbizi wa ng'ambo ya mto zinaelewana, hukuhitaji mkalimani kununua karanga. Hata hivyo ulikuwa ugenini kabisa. Ukivuka kizuizi cha kamba kule barabarani, umeingia nchi ya watu.

Nililelewa na bibi. Mama alikuwa ameolewa Nyantakara, huko Biharamulo, akaniacha kwa bibi nisome. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye shamba la migomba lililopendeza kuliko yote mtaani, na midomo iliyofungwa. Jambo moja alinifundisha kabla sijajua hata kufunga kanga. "Ukiulizwa, sema sisi ni wa hapa hapa. Tangu mababu." Nilikuwa nikilisema kama sala. Sikujua kwamba alivuka mto kabla mama hajazaliwa, akikimbia, na kwamba hofu yake ilikuwa siku moja mtu aje na karatasi amwambie shamba si lako, rudi kwenu.

Kila siku ya soko tulipeleka ndizi mbivu kwenye ule mji. Mteja wetu mkubwa alikuwa msusi mmoja, mama mwenye vidole virefu, aliyesuka wateja wake chini ya turubai lililotobolewa ili mwanga uingie. Siku moja alimsikiliza bibi akipanga bei, akaacha kusuka, akasema taratibu, "Mama, hiyo sauti ni ya kwetu. Wewe umetoka kilima gani?" Bibi aliinua kikapu chake. "Mimi Mhangaza," akasema, "na ndizi zangu ni za Keza." Msusi hakubisha. Aliendelea kununua, na kila tulipokwenda alinisuka bure, lakini bibi tangu siku ile hakumtazama usoni.

Basi, likizo ikaja, na wageni wakaja. Baba yao alikuwa mfanyabiashara wa vitenge wa Biharamulo mjini, Mwislamu wa asili ya pwani, aliyekuwa akinunua maharage kwa bibi miaka yote. Alikuwa na safari ya kwenda mbele zaidi, akawaacha mabinti zake wawili kwetu kwa siku tatu. Mkubwa alinizidi mwaka mmoja, mdogo alikuwa mfupi kuliko mimi. Kiswahili chao kilitiririka mpaka nikakionea haya changu, maana mimi nilichanganya "r" na "l" nikisahau. Walimwamkia bibi kwa adabu, "Shikamoo bibi," akawaitikia marahaba mara mbili mbili kwa kuwapenda. Walichotaka kuona ni kitu kimoja tu, ule mji.

Nikavimba kichwa, siwezi kukuficha. Wao walitoka mjini, wana duka, wana taa za karabai mbili, halafu mimi wa migombani ndiye mwenyeji wa kuwatembeza. Bibi alitukubalia kwa shingo upande. "Mrudi kabla ya jua la saa tisa. Na wewe," akaninyooshea kidole, "unakumbuka cha kusema."

Ile asubuhi sijawahi kuisahau. Tulikula maandazi ya moto hadi midomo ikang'aa. Tulichungulia kibanda cha video kupitia tundu, mtu akapigwa teke, mdogo mtu akapiga kelele tukafukuzwa. Tulimtazama fundi aliyetengeneza taa za kibatari kwa makopo ya mafuta, na mkubwa akanunua moja ampelekee mama yake. Msusi alitufanyia mistari mitatu mitatu kila mmoja kwa zamu, na mkubwa alipofungua ushungi wake, aliufungulia nyuma ya pazia, naye msusi akasimama kuziba mlango mpaka alipomaliza. Niambie kama huo si ustaarabu wa mjini. Mdogo mtu akasema, "Wallahi, hapa pazuri kuliko Biharamulo." Nilijisikia kama mimi ndiye niliyeujenga.

Kosa likatokea hapo, na lilikuwa kosa langu. Miaka ile sisi tuliokuwa jirani na ule mji tulikuwa na desturi moja: ukiona foleni, ingia kwanza, uliza baadaye. Mwisho wa foleni hapakosi kitu. Inaweza kuwa sabuni, unga wa njano, au ndoo. Tulipotoka kwa msusi tukakuta foleni ndefu mno, inapita katikati ya uzio wa miti. Nikawaambia wageni wangu, kwa maringo, "Twendeni, mtaniambia asante." Tukasukumwa na watu mpaka mbele. Karani mmoja akawatazama wale wawili, ushungi na viatu vya mkanda, akawatoa pembeni. "Nyinyi si wa hapa." Mimi akanishika mkono bila kuuliza neno. Akanichovya kidole kwenye wino, akanifunga bangili ya plastiki mkononi, ngumu, isiyofunguka. Nikainua mkono kuwaonyesha wenzangu. Nilidhani nimepewa pambo.

Ilikuwa siku ya kuhesabu wakimbizi. Ukishafungwa bangili huruhusiwi kutoka mpaka hesabu ya mji mzima iishe, na watu walisema ingechukua siku mbili. Hayo niliyajua tulipofika kizuizini. Mgambo, mtu mzima mwenye koti la mvua jua likiwaka, aliwapitisha wageni wangu, akaweka fimbo mbele yangu. "Wewe rudi ndani."

"Mimi ni wa Keza," nikasema.

"Wote leo ni wa Keza."

Mkubwa akajaribu. "Shikamoo baba. Huyu ndiye mwenyeji wetu. Tumelala kwao."

"Marahaba mwanangu. Kalaleni tena. Huyu ana bangili."

Nikamtajia shule, nikamtajia mwalimu mkuu na jina la balozi wetu. Akasema hayo hata wenzangu wa ndani wanayajua, wamefundishana. Nikasema sala yangu, sisi ni wa hapa hapa, tangu mababu. Kwa woga ulimi ukaniteleza, nikaisema nusu kwa Kihangaza, na mgambo, mtu wa kutoka mbali, akacheka. Masikio yake yalisikia mkimbizi. Wageni wangu wakatazamana, wakakunja magauni yao, wakatoka mbio kumwita bibi. Watoto wa duka wale, wasiojua hata njia vizuri.

Nililia, ndiyo. Nililia mpaka msusi akanisikia. Alinikalisha kwenye kigoda chake karibu na kizuizi, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga, akaniletea ugali wa njano na maharage kwenye sahani ya bati. Na yeye alikuwa na bangili kama yangu. "Usiogope hiyo," akaniambia. "Ni plastiki. Haijui wewe ni nani."

Bibi alifika jua likiwa limeegemea. Alikuwa bado na jembe mkononi, miguu yote udongo. Nusu ya wauza ndizi wa Keza walikuwa pale nje ya kamba wakisubiri soko lifunguliwe, na wote walimjua. Nilijua atasema nini. Mimi Mhangaza, huyu mjukuu wangu, tangu mababu. Niliona hata midomo yake ikianza. Mgambo akamwahi. "Mama, huyu ukimtaka, niambie ukweli. Nyinyi asili yenu wapi?"

Bibi akanitazama, nimeshika sahani ya bati. Kisha akamtazama msusi usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ndizi. Akalichomeka jembe ardhini.

"Mimi nimezaliwa ng'ambo," akasema, na hakupunguza sauti. "Nilivuka mto na mimba, nikakimbia kama hawa walivyokimbia. Mama yake nimemzalia Keza. Huyu nimempokea kwa mikono yangu hii, Keza, na kitovu chake kimezikwa kwenye migomba yangu. Kama bangili zenu zinatafuta mkimbizi, mmekosea mkono." Akaunyoosha wake, ule mkavu wenye udongo, mbele ya pua ya mgambo. "Nifunge mimi, huyo mwache aende shule."

Wauza ndizi wakageuka wote na mikungu yao. Mgambo aliutazama ule mkono. Kisha akamwita karani aliyekuwa akihesabu, na karani akaja na mkasi, akaikata bangili yangu, akasonya kwa kuharibiwa hesabu. Bibi akaniokota kama mzigo. Kabla hatujaondoka akamgeukia msusi, akamtajia jina la kilima alikotoka. Msusi akaweka mikono kichwani. Kilikuwa kilima cha pili kutoka kwao.

Sitakudanganya kwamba mambo yaliisha vizuri jioni hiyo hiyo. Bibi aliitwa ofisini kwa mtendaji, akaulizwa maswali. Wako majirani walioacha kumsalimia kwa msimu mzima, na mmoja alianza kulipima shamba letu kwa macho. Bibi akalima. Akaanza kuimba lugha ya kwao uani, kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na mwenye kukereka akaumie huko kwake. Hakuna aliyemtoa. Amezikwa kwenye migomba ile ile. Ile bangili iliyokatwa aliichukua, akafungia mlango wa banda la kuku, na ilidumu pale muda mrefu baada ya mji wenyewe kuondoka.

Maana mji uliondoka. Siku moja waliambiwa warudi kwao, malori yakaja, maturubai yakashushwa, na kilima kikabaki na vishimo vya nguzo na majivu. Msusi sikumwona tena. Sijui kama alifika kile kilima chake. Mabinti wa Biharamulo ni rafiki zangu wa simu siku hizi, tunataniana kuhusu video tuliyoitazama tunduni. Wao pia hukasirika wakiambiwa ilikuwa kambi tu.

Nilisimama pale kwenye mikaratusi mpaka dereva akachoka kunisubiri. Nikaokota kipande cha turubai la buluu kilichotokeza kwenye tuta la maharage, nikakitia mkobani. Kesho yake nikarudi ofisini na ile fomu. Kwenye mstari ule nimeandika jina la kilima cha ng'ambo, kwa herufi kubwa, kama nilivyolisikia pale kizuizini.

Karani alisoma, akaniangalia. "Mama, una uhakika? Watakusumbua maswali."

Nikamwambia waulize tu, majibu ninayo. Nikauweka mkono wangu mezani, achukue alama za vidole.