Kabla Mikono Haijashuka

Nilizaliwa na mdomo mmoja nikapewa kazi ya midomo miwili. Mdogo wangu aliachwa kiziwi na homa kabla hajajua kusema. Shule ya viziwi haikuwapo huku kwetu Masisi, kwa hiyo ishara zake tulizibuni sisi wawili tukichambua maharage. Sokoni, kanisani, kwa muuguzi, akiitwa yeye nilikwenda mimi. Nilianza kuchoka nikiwa bado msichana.

Maneno yake yalikuwa na mpangilio wake. Alianza na mahali: kilima, kijito, nyumba. Kisha watu, kila mmoja akimweka upande wake hewani. Kisha walichofanya. Ndiyo au hapana ilikuja mwisho kabisa, ndipo mikono iliposhuka mapajani. Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa nyumbani kungoja.

Siku wageni kutoka Walikale walipoleta mbuzi wa mahari, desturi ilimtaka msichana ajibu mwenyewe mbele ya wazee. Mdogo wangu akaanza: nyumba hii, mama, miguu ya mama inayouma, mwanamume yule, machimbo ya Omate, mimi kwenda. Mikono ilikuwa bado juu.

Baba yetu mdogo akanigeukia. "Mama, mutoto iko nasema nini? Anakubali ao anakatala? Bageni banangoja."

Niliwaza mchana mmoja tu, nimelala, hakuna anayenivuta nguo nimsemee.

"Anakubali," nikasema.

Vigelegele vikapigwa. Pembeni mwa jicho langu mikono yake ikamaliza: hapana. Kisha ikashuka. Sikugeuka.

Mwaka huu amerudi. Mume alifukiwa shimoni, na yeye mgongo umepinda kwa kubeba mifuko ya mchanga wa madini. Baba mdogo alipokuja kumpa pole, mdogo wangu alimpita kama kisiki. Mimi alinikumbatia, akaniwekea kitenge kipya magotini. Nilimuuliza cha nini, maana hela ya kitenge kwake si mchezo.

Akaanza, kwa mpangilio ule ule. Uwanja huu. Wazee pale. Mbuzi. Mimi nyuma, wewe katikati. Wewe ulisema hapana yangu, wao wakakataa kuisikia. Asante.

Mikono ikashuka.

Miaka yote hiyo kumbe alikuwa akimchukia mtu asiyemkosea. Niliona aibu. Ningeweza kukunja kitenge nikanyamaza, na Mungu anajua nilivyochoka. Lakini nani mwingine angemwambia? Lugha yetu tunaijua wawili tu.

Nikainua mikono. Uwanja huu. Wazee pale. Mbuzi. Wewe nyuma, mikono yako juu. Mimi katikati.

Uso wake ulibadilika, nadhani alikwisha kuona ninakokwenda. Vidole vyangu vilikuwa vizito na nilisita mara mbili. Hakunishika mkono, hakutazama kando. Alingoja mpaka nikamaliza.